Mtoto akiharisha, ombeni ORS na zinki

Wazazi wenzangu wa Nyasho, Mwigobero na Makoko hapa Musoma, kuna mazoea nawaomba tuyaache. Mtoto ameharisha usiku kucha, na asubuhi mtu anatumwa duka la dawa: "Nipe Flagyl ya mtoto." Tunalipa, tunarudi nyumbani na kuamini tumemtibu. Kumbe maji na chumvi alivyopoteza hatujamrudishia, na upungufu huo ndio unaoua.

Kuharisha kwingi kwa watoto wadogo huletwa na virusi, na antibayotiki kama Flagyl haiui virusi. Huua bakteria, hata wale wanaolisaidia tumbo, na mtoto anaweza kuzidi kuharisha. Bakteria sugu ndio wanaobaki. Siku akiugua nimonia, dawa inaweza kugoma. Kati ya 2017 na 2019, watoto zaidi ya 8,000 wenye kuharisha maji walifuatiliwa katika nchi saba, Tanzania na Kenya zikiwemo. Wote walipata ORS (unga wa chumvi na sukari unaokorogwa kwenye maji) na zinki. Nusu wakaongezewa antibayotiki ya azithromaisini. Haikuthibitika kwamba dawa hiyo ilipunguza vifo. Na hao walikuwa watoto waliopungukiwa maji au wenye utapiamlo, si yule wako anayeharisha huku bado anacheza.

Basi chemsha maji, hata ya ziwa yanayoonekana safi, yapoe, kisha koroga ORS kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Mpe kidogo kidogo kwa kijiko au kikombe kila anapoharisha. Akitapika, subiri dakika 10, uanze tena taratibu. Ziwa la mama na chakula visikatwe. Zinki apewe siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6. Wengi wetu huiacha tumbo likitulia, na hapo tunamnyima mtoto kinga, maana zinki inayomalizwa hupunguza kuharisha kwa miezi inayofuata.

Antibayotiki ina mahali pake. Choo kikiwa na damu, au kipindupindu kikishukiwa, mhudumu wa afya ndiye aamue. Macho yakibonyea, mtoto akilegea, akishindwa kunywa au akitapika kila kitu, mkimbizeni kituo cha afya saa hiyohiyo.

Nanyi ndugu zetu wa maduka ya dawa, tunawategemea. Mzazi akiomba Flagyl, muulizeni kwanza: choo kina damu? Kama kina damu, mwelekezeni kituoni. Kama hakina, mpeni ORS na zinki, na mumweleze namna ya kukoroga.