Baba watoto, hiyo valvu itoe kwanza, ndipo watoto wapande

(1)

Mama zangu, dada zangu, na nyie wababa mnaonisoma kwa kujificha! Najua niliahidi wiki hii tutaongelea chakula cha mtoto wa miezi sita. Uji utasubiri. Leo nina hasira na nitaongelea ekzosi.

Ndiyo, ekzosi ya gari. Bomba la moshi. Mtasema nesi na magari wapi na wapi. Subirini.

Kuna mtindo umeingia kwa vijana wetu wenye Subaru za turbo, wenye Crown, wenye Mark X, na yeyote aliyenunua gari lenye mbio kidogo. Wanalikata bomba la moshi katikati, kabla halijafika kwenye sailensa, wanachomelea kipande chenye umbo la Y, halafu kwenye ule mdomo wa pembeni wanafunga valvu. Valvu ina mota ndogo ya umeme, na mota ina rimoti. Ukibonyeza inafunguka, moshi unatokea palepale katikati bila kupita kwenye sailensa, na gari linanguruma kama limetukanwa. Ukibonyeza tena linanyamaza, unapita mbele ya trafiki kama muumini aliyetoka ibadani. Kifaa kinaagizwa mtandaoni, kinakuja kwenye boksi. Na kwa kuwa fundi anataka hela ya kazi, baba anaamua Jumapili ajilaze uvunguni mwenyewe, simu pembeni inamwonyesha video.

Sasa gari hilohilo ndilo linalompeleka mtoto kliniki Jumatatu. Ugomvi wangu uko hapo.

(2)

Mdogo wangu wa kiume ni mmoja wao. Namsema hapa kwa ruhusa ya mke wake. Ruhusa yake yeye sikuiomba.

Ana Forester ya turbo, anaiosha kila siku utadhani inakwenda kuoa. Alipofunga hiyo valvu, wifi yangu alikuwa na mimba ya miezi saba, na mtoto wao wa kwanza ana miaka mitatu. Nawaambia mapema msije mkasoma na presha: wote wako hai, na mdogo alizaliwa salama, ana miezi minne, ananyonya mpaka mama yake analalamika. Haya, tuendelee.

Ilikuwa masika, asubuhi, foleni ya kutoka Kimara kwenda mjini mnaijua. Mvua inapiga, vioo vyote juu, AC imewekwa kuzungusha hewa ya ndani. Walikaa kwenye ile foleni karibu saa moja na nusu. Wifi akaanza kuumwa kichwa cha kubana, kichefuchefu, akasema moyoni ni mimba. Mtoto alilala kiti cha nyuma. Walipofika alikuwa mgumu kuamka, amelegea, kisha akatapika. Wakampeleka zahanati ya karibu. Wote wawili, mama na mtoto, wakapimwa malaria, hakuna. Wakabanwa kidole kwa kile kipimo cha oksijeni, kikasoma 98. Wakaambiwa mko vizuri, wakapewa panadol.

Wakarudi kwenye gari lilelile.

Jioni wifi akanipigia, akaniambia kwa sauti ya chini, "Wifi, kichwa kimerudi tena, na huyu mtoto amelegea tena, tena tukiwa njiani." Nikamuuliza, ukitoka nje ya gari kinaacha? Akasema kinaacha. Nikamwambia mpe simu mumeo. Nikamuuliza na wewe je? Akajikohoza, akasema, "Dada, na mimi kimeniuma kidogo, nilidhani njaa."

Watu watatu, kichwa na kulegea, saa ileile, mahali palepale. Malaria haina tabia ya kuwashika watu watatu kwenye gari na kuwaachia wakishuka. Nikawaambia zimeni gari, shukeni wote, njooni hospitali kwa bajaji. Hapo ndipo mdogo wangu alipoanza kuniambia habari za valvu, nusunusu, kama mtoto aliyevunja kikombe.

Waliwekewa oksijeni kwa mask. Mtoto alichangamka baada ya muda. Wifi tulimkalisha na oksijeni muda mrefu zaidi, huku tukisikiliza mapigo ya moyo ya aliye tumboni, na mimi nilikuwa nimesimama pale nikijifanya nesi wakati mikono yangu ni ya shangazi.

Siku mbili baadaye fundi aliliinua gari kwa jeki nikiwa nimesimama hapo, nilikataa kusimuliwa. Mdomo wa valvu ulikuwa chini ya sakafu, usawa wa kiti cha nyuma. Gasketi ilikuwa imeungua upande mmoja. Na kwenye bati la sakafu kulikuwa na tundu la ukubwa wa kidole gumba, limetobolewa kwa drili ili waya wa mota uingie ndani. Halikuwa na raba ya kuzibia. Fundi alipoinua kapeti, pembeni ya tundu kulikuwa na masizi meusi. Juu yake ndipo kinapokaa kiti cha mtoto.

Drili aliishika baba yake.

(3)

Hivi nikiwaambia leo usiku washeni jiko la mkaa, liwekeni chini ya kitanda cha mtoto, fungeni dirisha, mtanifanya nini? Mtaniita mchawi. Kila baridi ikiingia Njombe na Mbeya tunaonya juu ya majiko ya mkaa ndani ya vyumba, na hakuna mama asiyejua kwamba lile jiko linaua watu wakiwa usingizini. Gesi inayowaua inaitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, haiwashi macho. Na ndiyo hiyohiyo inayotoka kwenye bomba la gari la petroli.

Inavyoua ni hivi. Damu ina kitu kinachobeba oksijeni, hemoglobini. Kaboni monoksaidi inaing'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Kwa hiyo viti vinajaa abiria wasiolipa nauli, na oksijeni inabaki kituoni. Ubongo na moyo ndivyo vinavyolia njaa kwanza. Dalili zake ni kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, usingizi mzito, kuchanganyikiwa. Mtoto mdogo anapumua haraka kuliko mtu mzima, kwa hiyo anaivuta haraka zaidi, na hawezi kukuambia "baba kichwa kinauma". Yeye analala tu, nawe unafurahi leo mtoto hasumbui.

Kwa mjamzito ni mbaya mara mbili. Gesi inavuka kondo la nyuma, na damu ya mtoto wa tumboni inaishika zaidi ya damu ya mama na inachelewa kuiachia. Mama anaweza kusema "niko sawa sasa", huku wa ndani hayuko sawa. Ndiyo maana hatukukubali wifi avue ile mask mapema. Mtu mzima akikaa kwenye hewa ya kawaida, nusu tu ya ile gesi inahitaji saa 4 hadi 5 kumtoka. Kwa oksijeni ya mask inashuka hadi kama saa 1 au saa 1 na nusu.

Na ile 98 ya kidoleni? Hapa naomba hata wauguzi wenzangu mnisikilize. Kile kipimo kinaangalia rangi ya damu kwa mwanga, na damu iliyobeba kaboni monoksaidi kinaiona kama damu iliyobeba oksijeni. Kitakusomea 98, kitakusomea 99, huku mtu anakosa hewa. Wenzetu wa ile zahanati hawakuwa wazembe, kifaa kiliwadanganya, na hakuna aliyewaambia habari ya gari. Siku hiyo mwenye habari alikuwa mmoja tu, naye alinyamaza kwa aibu.

Kuna jambo la masega pia. Masega ni kile chombo kwenye njia ya moshi chenye vijitundu kama sega la nyuki, ndani yake kuna platinamu, paladiamu na rodiamu, ndiyo maana wanunuzi wanapita mitaani kuyaulizia. Kazi yake ni kuibadilisha kaboni monoksaidi iwe kaboni dayoksaidi kabla moshi haujatoka. Wengi wenu masega mlishayauza. Mdogo wangu aliyauza mwaka juzi. Kwa hiyo moshi wake ulikuwa unatoka mbichi, tena chini ya kiti badala ya nyuma ya gari.

(4)

Haya, maneno ya wababa. Nimeyasikia yote, mengine mezani kwangu, kwenye pilau langu.

"Ni sauti tu." Ingekuwa sauti tu, ungefunga spika. Lakini hata sauti yenyewe tuiongelee. Taasisi ya Marekani inayoangalia afya kazini, NIOSH, inaweka kikomo cha desibeli 85 kwa saa 8, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Hicho ni kipimo cha mwanaume mzima kazini, si cha mtoto aliyefungwa mkanda juu ya bomba lililo wazi. Na ile tabia ya kupasha injini saa kumi na moja alfajiri chini ya dirisha la chumba cha watoto, valvu wazi, eti unasikiliza inavyopumua! Moshi nao unaingia kwenye dirisha hilohilo, au hukufikiria?

"Mbona Porsche na BMW za michezo zina valvu kutoka kiwandani?" Zinazo, kweli, na hili swali nalipenda kwa sababu lina jibu. Valvu zile ziko nyuma kabisa, kwenye sailensa. Zikifunguka, zikifunga, moshi unatokea nyuma ya bampa. Kinachobadilika ni njia ya ndani na mlio. Wapo wanaochomoa kile kimpira cha hewa kinachoendesha valvu ili ibaki wazi muda wote. Hao nawagombeza kwa ajili ya masikio na majirani, na NEMC wana kanuni za kelele tangu 2015, watajuana nao. Sumu siwasingizii. Wewe uliyekata bomba katikati hujafanya walichofanya kiwandani. Umefanya kinyume chake.

"Inaongeza nguvu." Kwenye foleni ya Ubungo nguvu ya kwenda wapi, baba?

"Naifungua nikiwa peke yangu, nikiwa na familia naifunga." Hili ndilo linalonikera kuliko yote maana linasikika kama busara. Mdogo wangu naye alikuwa ameifunga. Asubuhi ile yote ilikuwa imefungwa! Ni kibati kinachozunguka ndani ya bomba la moto, kinapata masizi, kinapinda kwa joto, hakizibi kama kifuniko cha chupa. Zile za bei rahisi huvuja hata zikiwa mpya, na gasketi ikiungua hata ukibonyeza rimoti mpaka betri iishe hakuna kitakachobadilika.

Mwingine aliniambia, "basi tutafungua vioo." Kioo cha nyuma peke yake kikiwa wazi, au buti likiwa halijafunga vizuri, moshi unaweza kuvutwa kuingia ndani, kwa sababu gari likitembea hewa ya nyuma yake inanyonya. Msilitegemee hilo.

(5)

Mama, wewe huhitaji kujua magari. Muulize swali moja tu: moshi wa hili gari unatokea wapi? Akianza kukueleza mengi, mwambie akuonyeshe. Gari likiwa limepoa na limezimwa, inama uangalie uvunguni. Bomba linapaswa kwenda moja kwa moja mpaka nyuma. Ukiona mdomo umechepuka katikati, una kitu kama kifuniko na waya unapanda juu, umeshapata jibu. Ukiona masizi meusi kwenye maungio, moshi unavuja, hata kama hakuna valvu. Inua na kapeti, usione aibu, ni gari lenu wote. Kila tundu la sakafu liwe na raba yake.

Kutengeneza si kazi kubwa. Fundi aliikata valvu ya mdogo wangu, akaurudisha moshi kwenye sailensa kwa bomba zima, akaziba lile tundu la sakafu. Ilimchukua asubuhi moja. Masega bado, hela hana, namdai ahadi.

Na ikitokea mko njiani, kichwa kinawauma zaidi ya mmoja, au mtoto kalala usingizi usiouelewa, msiongeze AC. Simameni, zimeni, shukeni wote, nendeni hospitali kwa usafiri mwingine. Mkifika, sema kwa sauti mlangoni: "Tulikuwa kwenye gari, ekzosi yake imebadilishwa, tunahisi moshi umeingia ndani." Sema hata kama mumeo anakukanyaga mguu. Omba oksijeni, na wakikwambia kidole kinasoma vizuri, waambie kipimo hicho hakiioni kaboni monoksaidi. Mjamzito aseme ana mimba ya muda gani, mtoto wa tumboni asikilizwe.

Mdogo wangu alininunia wiki mbili. Alisema nimemdhalilisha mbele ya fundi. Sasa anakuja, anakula, anambeba mwanawe. Rimoti yake ninayo mimi, iko kwenye droo ya vijiko. Kila akifuata kijiko anaiona, anafunga droo, anarudi mezani.

Uji wa miezi sita ni Alhamisi.