Tusiwasingizie wanyama: ugomvi wa jamaa ni wetu

Kila mara jamaa inapopigana juu ya parsele ya marehemu, hakosi mtu wa kutikisa kichwa na kusema: «Batu beko sawa banyama siku hizi.» Mwingine atajibu kwamba zamani mambo haya hayakuwepo, ndugu walikuwa ndugu kweli, ila pesa, shule na sheria za wazungu ndizo zilizoharibu jamaa yetu. Wote wawili wanakosea. Wa kwanza anawatukana wanyama bila kuwajua. Wa pili anawasifu mababu bila kuwasikiliza.

Tuanze na wanyama. Tai mweusi wa milima ya mawe hutaga mara nyingi mayai mawili. Kifaranga cha kwanza humdonoa mdogo wake mpaka anakufa, hata kama nyama imejaa ndani ya kiota, na mama anaangalia tu. Simba dume akiteka kundi jipya huua watoto wa dume aliyefukuzwa. Hata mbuzi wetu wa nyumbani, siku ikifika, humpiga mtoto wake teke na kumnyima ziwa. Mmarekani Robert Trivers alieleza mwaka 1974 kwamba mzazi na mtoto hawana faida moja katika kila jambo: mtoto anataka kuvuta zaidi, mama anabakiza nguvu kwa wale watakaokuja.

Lakini tuangalie upande wa pili. Bonobo, ambao kwa asili wanaishi katika inchi yetu peke yake, kusini ya mto Kongo, wana desturi ya mama kumsindikiza mtoto wake wa kiume hata akiwa mtu mzima, na kumtetea mbele ya wengine. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulionyesha kwamba dume ambaye mama yake yuko naye katika kundi ana bahati ya kuzaa karibu mara tatu kuliko asiye na mama. Na gorila wa milimani? Utafiti wa mwaka 2021, uliofanywa upande wa Rwanda, ulionyesha kwamba gorila mdogo aliyepita umri wa kunyonya akifiwa na mama, kundi linamkaribia zaidi. Dume mkubwa mwenye mgongo mweupe ndiye anayemkubali alale karibu naye. Na yatima hawa hawakufa zaidi kuliko wenye mama.

Basi mnyama si mwema, si mbaya. Mwingereza W. D. Hamilton alionyesha kwa hesabu mwaka 1964 kwamba anayemsaidia ndugu yake wa damu anasaidia pia sehemu ya urithi wake mwenyewe. Lakini hesabu ile ile inaonyesha na mpaka wake: ndugu wa baba mmoja na mama mmoja ni nusu yako, si wewe mzima. Nusu ile ya kwanza inaleta msaada. Nusu ya pili inaacha mlango wazi kwa ugomvi. Vyote viwili vinalala nyumba moja.

Wazee wetu walilijua jambo hili bila hesabu. Wangesemaje «ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime, wakipatana, chukua kapu ukavune» kama ndugu hawakuwa wanagombana? Na ile ya vyungu ambavyo havikosi kugongana? Watu wasiojua ugomvi hawatungi methali za ugomvi. Kazi ya desturi ilikuwa kuupokea ugomvi na kuuwekea njia: baraza ya wazee, shangazi wa kusema ukweli bila kuogopa, mjomba wa kutetea watoto wa dada yake, watani wa kucheka mpaka hasira inapoa. Na ndugu wa marehemu aliyepewa mamlaka alipewa na mzigo: kulisha, kulea, kuozesha. Sisemi kwamba yote yalikuwa mazuri. Mjane aliyerithiwa kama shamba hakuulizwa anataka nini. Lakini mamlaka bila mzigo haikuwa desturi.

Leo tunaona nini? Matanga haijaisha, baba mdogo amekwisha kuomba funguo na makaratasi ya parsele. Minervali ya yatima haiulizi. Ukimwuliza, anajibu: «Ni desturi.» Hapana, bwana. Umechukua nusu ya desturi, ile inayoleta faida, na nusu nyingine umeitupa barabarani pamoja na mjane.

Na tusisingizie sheria. Sheria ya jamaa ya mwaka 1987, iliyorekebishwa 2016, inawapa watoto wa marehemu robo tatu ya urithi, wa kike sawa na wa kiume. Robo inayobaki ni ya mume au mke aliyebaki, wazazi, na ndugu za marehemu. Mjane wa ndoa halali ana haki ya kuendelea kukaa katika nyumba aliyoishi na mumewe. Baba mdogo hakufukuzwa. Amewekwa nyuma ya watoto. Hapo ndipo anapolia kwamba wazungu wameharibu jamaa.

Kibaya zaidi, kuna jamaa zinazovika ugomvi wa sahani na kitanda nguo ya uchawi. Yatima anakula, analala, anatafutiwa minervali. Mwishoni anaambiwa kwamba ndiye aliyekula mama yake, na mchungaji mmoja anakuja kusadikisha. Katiba ya 2006, kifungu cha 41, inakataza jambo hilo, na sheria ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu mshitaki wa mtoto kwa kifungo cha mwaka 1 mpaka 3. Gorila anamlaza yatima karibu naye. Sisi tunamlaza sokoni. Halafu tunasema watu wamekuwa wanyama!

Mtaniambia: tribinali ni mbali, na inakula pesa kuliko parsele yenyewe. Ni kweli. Ndiyo maana baraza ya jamaa inatakiwa kufanya kazi yake, lakini kwa masharti. Mjane na watoto wakubwa wakae ndani na waseme. Mzigo wa yatima ugawanywe kwanza, ndipo mali ihesabiwe. Maamuzi yaandikwe, yatiwe sahihi mbele ya mashahidi, kila upande ubaki na karatasi yake. Na chama cha utamaduni kinachojua kuvalisha wachezaji ngozi na manyoya siku ya sikukuu kijue pia kutuma wazee wawili katika matanga kabla funguo hazijabadilisha mkono. Baraza ambamo mjane hana kiti si desturi ya mababu. Ni wanaume wanaogawana tu.