Cartaginés Haikurogwa

Jumamosi asubuhi, katika kipindi cha michezo redioni, msikilizaji mmoja alipiga simu akauliza kwa nini klabu yake inamaliza kila msimu mikono mitupu. Lilikuwa swali zuri, la mtu anayelipa kiingilio kwa jasho lake. Mchambuzi hakugusa usajili, hakugusa mishahara isiyolipwa, hakugusa makocha wanaofukuzwa kabla hawajazoea majina ya wachezaji. Alijibu kwamba timu ikilaaniwa imelaaniwa, na asiyeamini awaulize Cartaginés wa Costa Rica, waliokaa miaka 81 bila ubingwa kwa sababu ya laana ya padri. Mtangazaji akaguna kukubali. Simu ikakatwa, likaja tangazo la kubeti.

Nimesikia upuuzi mwingi redioni, lakini huu umenichoma, kwa sababu kisa cha Cartaginés nakipenda, na mtu huyu amekigeuza kiseme kinyume cha kile kinachosema.

Club Sport Cartaginés ilianzishwa mwaka 1906 katika mji wa Cartago, uliokuwa makao makuu ya Costa Rica hadi 1823. Hata ligi ya nchi, iliyoanza 1921, iliikuta klabu hiyo tayari ipo. Ilitwaa ubingwa mwaka 1923, ikautwaa tena 1936 na 1940. Baada ya hapo, kimya. Watu walizaliwa, wakaoa, wakazeeka na kuzikwa na jezi za bluu na nyeupe bila kuona ubingwa wa ligi hata siku moja.

Hadithi ya mitaani inasema kwamba wakati wa kusherehekea ubingwa wa 1940 watu waliolewa furaha waliingia na farasi ndani ya Basilika ya Bikira Maria wa Malaika, na padri akawalaani. Wengine wanakataa habari ya padri. Wao wanasema kuna mdoli umefukiwa chini ya uwanja, na mpaka ufukuliwe kombe halitakuja. Wenyewe basi hawajakubaliana ni nani aliyewaroga wala kwa nini. Kesi yenye mashahidi wa namna hii ingefutwa mahakamani siku ya kwanza, lakini huku kwetu imefikishwa redioni na kutolewa hukumu.

Sasa mchambuzi anieleze mwaka 1994. Kombe la Mabingwa la CONCACAF la mwaka huo, linaloshindaniwa na vilabu vya Amerika ya Kaskazini, Amerika ya Kati na Karibea, lilichukuliwa na Cartaginés. Fainali yake ilichezwa mwanzoni mwa 1995 huko San José ya California, na Cartaginés wakaifunga Atlante ya Mexico mabao 3-2. Mexico! Nchi ambayo vilabu vyake vina fedha za kununua nusu ya ligi ya Costa Rica na chenji ikabaki. Timu iliyolaaniwa, iliyokuwa mwaka wa 50 na kitu wa laana yake, ilisimama juu ya bara zima na kombe mkononi. Ni laana gani inayokuzuia kumfunga jirani yako Herediano lakini inakuruhusu kumfunga Mmeksiko? Padri aliilaani ligi akaliacha bara? Mdoli una nguvu mpaka forodhani, ukivuka mpaka unazimika?

Na wala si ng'ambo tu. Ndani ya Costa Rica kwenyewe, Cartaginés walishinda mashindano ya kombe mwaka 2014 na tena 2015. Mwaka huo huo wa 2014 Randall Brenes, mshambuliaji aliyeitwa akiwa mchezaji wa Cartaginés, alikuwa katika kikosi cha taifa kilichokwenda Brazil na kumaliza cha kwanza katika kundi lenye Uruguay, Italia na Uingereza, kisha kikafika robo fainali ya Kombe la Dunia. Laana ilimkosaje huyo? Narudia tena 1994, na nitaendelea kuirudia, kwa sababu kila ninapomtajia mtu wa laana mwaka huo hubadilisha mazungumzo.

Kuna jambo lingine linaloniudhi katika hadithi hii, nalo ni dharau kwa watu wa Cartago. Mji huo ulibomolewa na tetemeko la ardhi mwezi Mei 1910. Mwaka 1963 volkano ya Irazú iliamka ikawamwagia majivu kwa muda mrefu, na Desemba ya mwaka huo mto Reventado ukashuka na tope likaua watu na kuzoa nyumba. Watu wale walizika wapendwa wao, wakajenga upya. Na kila Agosti 2, umati mkubwa wa watu kutoka kila pembe ya nchi hutembea kwa miguu kwenda Cartago, kwenye basilika ile ile, kumheshimu La Negrita, mlinzi wa taifa lao. Mji ambao taifa zima huuendea kuomba baraka, tunaambiwa umelaaniwa kwa ajili ya farasi. Padri gani huyo, na Mungu gani huyo, anayeshikilia kinyongo cha sherehe ya mpira mpaka kwa mtoto ambaye babu yake hakuwa amezaliwa farasi alipoingia kanisani?

Basi ni nini kilichowanyima ubingwa? Ni jambo la kawaida kabisa, na ndiyo maana halipendwi. Mataji ya Costa Rica kwa sehemu kubwa yamegawanywa na vilabu vitatu: Saprissa, Alajuelense na Herediano. Hao ndio wenye mashabiki wengi zaidi, na mashabiki ndio viingilio, na viingilio ndivyo vinavyowavuta wadhamini, na wadhamini ndio wanaolipa mishahara. Cartago iko karibu sana na San José, mji mkuu wa Costa Rica, mwendo wa kilomita 20 na kitu. Kijana aking'ara kwa misimu miwili hahitaji hata kuhama nyumbani kwao ili akacheze kwa mkubwa, anapanda basi. Mshambuliaji Mkuba Marcel Hernández alifunga mabao Cartago mpaka nchi nzima ikamjua, kisha Alajuelense wakamchukua. Huo ndio uchawi wenyewe, na unaandikwa kwenye karatasi yenye sahihi mbili.

Halafu mtazame mfumo wa ligi. Tangu 2007 wanacheza mashindano mawili mafupi kila mwaka, Apertura na Clausura, na kila moja linatoa bingwa wake. Timu nne za juu zinaingia nusu fainali. Mshindi wa mtoano akiwa si yule aliyeongoza msimamo, wawili hao wanacheza fainali kuu. Msimu mfupi unampa mdogo nafasi ya kupenya, hilo nakubali, lakini wiki za mwisho zinakuwa mechi juu ya mechi, mguu unauma na hakuna wa kuingia badala yake. Mwenye benchi nene anapumzisha, mwenye benchi jembamba anaomba dua. Mwaka 2013 Cartaginés walifika fainali wakapoteza kwa Herediano kwa penalti. Kwa penalti! Watu wazima wakarudi nyumbani wakisema mdoli, mdoli. Na hao Herediano waliowafunga, mbona wao walikuwa wametoka kukaa tangu 1993 hadi 2012 bila ubingwa, miaka 19, huku wakiangushwa fainali baada ya fainali? Walikuwa na padri wao pia?

Ikafika Clausura ya 2022. Kocha alikuwa Geiner Segura. Marcel Hernández alikuwa amerudi Cartago. Waliopambana nao katika kuamua ubingwa walikuwa Alajuelense, klabu yenye mataji 30 wakati huo, na Cartaginés wakawashinda. Miaka 81 ikafungwa. Sijui shabiki wa soka anayeweza kuzitazama picha za wazee wa Cartago wakilia usiku ule asiguswe. Kilichobadilika hakikuwa chini ya nyasi. Kilikuwa juu yake: mfungaji mwenye kiwango, kocha aliyeachwa afanye kazi, na kikosi kilichofika wiki za mwisho bado kina pumzi. Mchambuzi ana maikrofoni na saa nzima ya hewani, na hajapata dakika ya kusema hayo.

Watu wa laana wananiambia, wewe hujui mpira wa Afrika, nenda kaangalie kule Rwanda. Haya, twende Rwanda. Mwishoni mwa 2016 mshambuliaji wa Rayon Sports alikimbilia nguzo ya goli la Mukura huku wachezaji wa Mukura wakimfukuza kwa hasira, na baadaye katika mechi hiyo hiyo akafunga. Video ilizunguka dunia nzima, na shirikisho la Rwanda likatangaza adhabu kwa wanaofanya ushirikina uwanjani. Hiyo ndiyo hoja yao kubwa, nguzo. Mshambuliaji amefunga bao! Ndugu zangu, kufunga ndiyo kazi yake. Kama dawa ya nguzo ingekuwa inafanya kazi, vilabu vyetu vinavyotozwa faini kwa kuruka ukuta na kukwepa mlango rasmi vingekuwa na makabati yasiyofungika kwa wingi wa makombe ya Afrika. Yako wapi?

Mimi hasira yangu haitoki vitabuni. Nilipokuwa kijana timu ya mtaani kwetu ilichangiwa na wakazi pesa za viatu na jezi. Mama ntilie walichangia, vinyozi walichangia. Wazee wa kamati ya ufundi, na kila aliyecheza ndondo anajua kamati hiyo haina ufundi wowote wa mpira, wakazipeleka kwa mganga wa kijiji cha mbali. Siku ya fainali tulikatazwa kupita getini. Tukarushwa ukutani usiku, na winga wetu, kijana mwenye kasi ambayo sijaiona tena, akapasuliwa goti na chupa zilizopangwa juu ya ukuta. Alicheza nusu saa akatolewa. Tulifungwa. Kamati ikasema wapinzani walikuwa na mganga mkali zaidi, na hakuna aliyeulizwa pesa za viatu zilikwenda wapi. Yule winga hakucheza tena.

Hapo ndipo laana inapofanya kazi kweli. Inamlinda mtu mwenye daftari la fedha. Ukiwa na padri wa 1940 wa kumlaumu, huna haja ya kumuuliza mwenyekiti kwa nini kipa mzuri aliuzwa Januari. Ukiwa na mdoli, mkutano mkuu wa wanachama unakwisha mapema.

Msomi mmoja akanitajia Benfica, akidhani Ulaya itaninyamazisha. Kocha wao Béla Guttmann aliondoka mwaka 1962, inasemwa aliwalaani miaka 100, na tangu hapo wamepoteza fainali nane za Ulaya. Ni kweli, nane. Lakini zisome. Ya 1965 walicheza na Inter mjini Milano, kwenye uwanja wa Inter wenyewe. Ya 1968 walicheza na Manchester United, na mechi ikawekwa Wembley. Ya 1990 walikutana na Milan ya Van Basten, Gullit na Rijkaard. Utalaumu mzimu wa kocha kwa kufungwa na Milan ile? Timu yoyote duniani ingefungwa. Na timu inayofika fainali nane ni timu kubwa, si timu iliyorogwa. Wengi wetu tungeomba tulaaniwe hivyo.

Tuseme basi, kwa ajili ya mabishano tu, kwamba wako sahihi na laana ya Cartago ilikatika ule usiku wa 2022. Njia ikawa nyeupe, padri akaridhika, mdoli ukaoza. Ni nini kilichofuata? Saprissa walichukua Apertura ya 2022. Wakachukua Clausura ya 2023. Wakachukua Apertura ya 2023, na Clausura ya 2024, manne mfululizo, kwa sababu walikuwa na kikosi kipana na fedha za kukilipa. Cartago walikuwa huru dhidi ya kila jini, na bado kila wiki ya usajili walilazimika kupokea simu kutoka San José, Heredia na Alajuela.