DILOLO: Kabla ya kupasua tena ziwa la mama, pimeni usaha wake

Wasikilizaji wetu wa Dilolo na Kasaji, na ninyi familia mliokimbia makwenu mkafika huku, leo sitazunguka. Tunapasua maziwa ya akina mama ovyo.

Mama ana uvimbe kwenye ziwa. Anapewa antibiotiki siku saba, tena saba. Uvimbe unabaki. Wanapasua, usaha unatoka, anarudi nyumbani. Mwezi haujaisha, kidonda kimefunguka pembeni. Mama mdogo wangu alipasuliwa hivyo mara mbili, na usaha wote ulitupwa kwenye ndoo. Hakuna aliyeuliza ni usaha wa nini. Mtaani walikuwa na jibu lao tayari: amerogwa.

Kifua kikuu kinaweza kuingia kwenye ziwa. Si habari mpya, Astley Cooper, dokta wa Uingereza, aliandika juu yake tangu 1829. Ni nadra, ndiyo. Lakini Kongo yetu iko kati ya nchi 30 ambazo OMS inasema zinabeba mzigo mkubwa wa TB duniani. Kinachonikera ni lile neno la kwenye vituo: "Hakohoi, basi si TB." Makohozi yanaweza kuwa safi kabisa na ugonjwa uko ziwani!

Uvimbe huo unafanana na jipu, unafanana na kansa pia. Kwa macho hakuna wa kutenganisha, hata awe na miaka 30 ya kazi. Lazima kuchukua usaha kwa sindano, au kipande kidogo cha nyama, kipelekwe labo. Darubini isipoona kitu, bado haijaisha, maana vijidudu huwa vichache. Hapo ndipo kipande cha nyama kinasaidia. Na mashine ya GeneXpert si ya makohozi tu: tangu 2013 OMS imekubali ipime hata tezi na nyama nyingine za mwili.

Mtaniambia Kolwezi ni mbali, kilometa zaidi ya 400, na njia ya wakati wa mvua tunaijua wote. Basi ichupa ndiyo isafiri, si mama mwenye mtoto mgongoni. Wakubwa wa afya wa Lualaba, katika jimbo ambalo malori ya shaba yanatoka kila siku, mafuta ya pikipiki moja ndiyo yamewashinda?

Dawa za TB ni za bure, kwa kawaida miezi 6, na wengi wanapona bila kukatwa ziwa. Akina mama, mkiona wembe umeshikwa, ulizeni kwanza: usaha huu unaenda labo gani?