Mchoraji anapohamia Kolwezi

Tangu 2015 Kolwezi ni mji mkuu wa Lualaba, na kila gari inayotoka Lubumbashi inashusha batu wenye kutafuta maisha. Kati yao kuna wachoraji. Sisi wa sendika tunasema: mambo yao yanatuhusu.

Mchoraji akifika, anatafuta nyumba. Bwana nyumba anaomba garanti ya miezi mingi, tena kwa dola, juu amezoea wenye kazi katika makampuni. Basi mchoraji anapanga mbali. Muchana anaandika majina ya maduka ukutani. Usiku njo anachora picha zake. Hana mshahara, hana posho, hana hospitali ya kampuni. Mishahara yetu ikichelewa, sisi tunapata unga kwa deni. Picha inangoja mwezi mwingine, na mwenyewe analala njaa.

Wazazi wetu walijua bei ya kazi hii. Katika miaka ya 1970 Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya inchi yetu kwa picha karibu 100. Picha za ukumbusho na za mamba muntu zilitundikwa katika nyumba za wafanyakazi hapa Katanga. Franga ya shaba njo iliwalisha wachoraji.

Leo kobalti inatoka, makamio yanapita, kuta zetu ziko wazi. Ndugu wachimbaji, na ninyi bamama: siku ya mshahara, picha moja kwa nyumba. Na kila sendika iagize picha ya shimo, ya kofia, ya mgomo. Bila ile, watoto watajua kazi yetu kwa midomo ya bapatroni tu.