Mchagua Brashi Ndiye Mchoraji

Kila nikilalamika kuhusu brashi za darasa la sanaa huambiwa kwamba mchagua jembe si mkulima. Mimi naipinga methali hiyo, angalau kwa upande wetu sisi tunaochora picha ndogo ndogo. Jembe butu litalima polepole, lakini litalima. Brashi iliyopasuka ncha haichori jicho.

Nasema kwa uchungu. Muhula uliopita nilikuwa nachora picha ya marehemu nyanya yangu, ukubwa wa kiberiti, nikiiga ile ya kitambulisho chake kwani hatuna nyingine. Wiki tatu nzima! Yakabaki macho. Nikachukua brashi nyembamba kuliko zote kwenye mkebe, kumbe kuna mtu alikuwa ameipakia gundi. Ilipogusa karatasi ikafunguka kama ulimi wa nyoka, na nyanya akapata macho manne. Wenzangu walicheka. Hata mimi ningecheka kama hangekuwa nyanya yangu.

Basi nikamwendea fundi mmoja mtaani kwetu Jericho, anayechora mabango ya vinyozi na yale maandishi madogo ya milango ya matatu. Alinieleza kwamba picha ndogo haitaki brashi ndogo kabisa, zile za nambari 000. Hizo hubeba rangi kidogo mno, ikakauka kabla haijafika karatasini. Afadhali nambari 1 au 2, yenye tumbo la kushika rangi na ncha kali. Na usidanganywe na ncha ya brashi kavu, maana viwandani huigandisha kwa gundi ili ipendeze. Omba maji kwenye kifuniko cha chupa (mwenye duka atanuna, mwache anune), ichovye, ikung'ute mara moja. Nyuzi zikichongoka pamoja, nunua. Zikigawanyika, rudisha.

Brashi zinazosifiwa sana duniani ni za manyoya ya mkia wa kicheche wa Siberia, na wachoraji wa picha ndogo kule India hutumia manyoya ya kindi. Sisi tutatumia nailoni. Si mbaya, ila ncha yake hujikunja mapema.

Lakini jamani, kutunza ndiko kunakotushinda! Tunachovya brashi mpaka kwenye bati linaloshika nyuzi. Rangi ikikauka mle ndani, nyuzi hutawanyika na hazirudi tena. Kengele ya lanchi ikilia tunaziacha zimesimama kichwa chini ndani ya kopo la maji. Brashi huoshwa kwa maji baridi na sabuni ya kipande, ukiizungusha polepole kiganjani hadi povu litoke jeupe. Kama ni rangi ya mafuta, anza na mafuta ya taa. Kisha chongoa ncha kwa vidole, si kwa midomo. Nawaona mkilamba! Huko New Jersey, Marekani, kuanzia 1917, wasichana wa kiwandani walichora nambari za saa kwa rangi yenye radiamu huku wakichongoa brashi midomoni. Wengi waliugua taya, na baadhi yao wakafa. Zetu hazina radiamu, lakini zipo rangi zenye sumu nyingine, kama kadimiamu.

Sasa neno kwa walimu wetu. Brashi za mkebe mmoja hazitunziki kwa sababu hazina mwenyewe. Vitabu tunapewa vikiwa na nambari, na ukipoteza unalipa. Mbona brashi zisigawiwe hivyo hivyo, nambari iandikwe mpinini? Mtasema hazitoshi. Najua, basi tugawane wawili wawili. Watu wawili watagombana wamalizane, lakini darasa zima husingiziana tu. Mtasema sisi wa kutwa tutazipoteza njiani. Mbona kikokotoo hatukipotezi?

Mimi nimeshanunua yangu, nambari 1, kwa pesa za nauli. Wiki nzima nilikuja shule kwa miguu, vumbi la Jogoo Road likinila. Kila jioni naivisha kipande cha mrija wa soda ili ncha isiumie mfukoni. Nyanya nimemwanza upya, na safari hii nimeanza na macho.