Ugaidi kwa jirani: kufukuza hakutoshi, raia walindwe kwanza

Tarehe 30 Novemba 2021, ndege na mizinga ya Uganda ilipiga kambi za ADF upande wa Kongo. Siku 14 kabla ya hapo, mabomu yalikuwa yamelipuka katikati ya mji wa Kampala. Ndivyo operesheni Shujaa ya majeshi ya UPDF na FARDC ilivyoanza. Swali ambalo wakaaji wa Beni na Ituri wanaendelea kujiuliza ni hili: serikali ifanye nini wakati magaidi wanaowaua watu wake wamejificha kwa jirani?

Uganda ina sababu ya kujitetea. ADF ilizaliwa Uganda katika miaka ya 1990, ikavuka Rwenzori na kujenga makao yake Kongo. Juni 2023, washambuliaji waliua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi, katika shule ya Mpondwe, ng'ambo ya mpaka wa Kasindi. Hakuna serikali inayoweza kukunja mikono mbele ya vifo vya namna hiyo.

Lakini kuwa na sababu si kuwa na ruhusa. Mwaka 2005, Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya La Haye ilikataa hoja ya Uganda kwamba vita vyake ndani ya Kongo vilikuwa vya kujitetea. Mwaka 2022 ikaamuru Kongo ilipwe dola milioni 325. Safari hii Uganda iliingia kwa kukubaliwa na Kinshasa, na hilo ni jambo jema. Hata hivyo, makubaliano ya marais wawili hayatoshi. Mapatano ya namna hii yanapaswa kupelekwa mbele ya mabunge ya inchi zote mbili, yakisema wazi jeshi la kigeni litafika wapi, litakaa muda gani, na nani atajibu askari akimdhulumu raia.

Jambo la pili ni zito zaidi. Kambi zilipopigwa, wapiganaji walijigawa katika vikundi vidogo na kusogea mbali na mizinga. Mauaji yakafika Mambasa, kisha Lubero, mahali ambapo wakaaji hawakuwa wameyazoea. Julai 2025, makumi ya waamini waliuawa usiku katika kanisa la Komanda, wilaya ya Irumu. Anayefukuza nyoka shambani bila kuwaambia walio nyumbani huwapelekea hatari mlangoni. Kabla ya kupiga kambi, makamanda wanapaswa kujua adui atakimbilia wapi, na nani atakuwa pale kuwalinda watu.

Wapo watakaosema askari ni wachache na pori ni kubwa, na kwamba FARDC inapambana pia na M23, iliyouteka mji wa Goma Januari 2025. Ni kweli. Ndiyo maana askari waliopo wangewekwa kwanza kwenye vijiji, barabara za mashamba na vituo vya afya, kabla ya kutumwa kufuata nyayo porini. Mara nyingi wakaaji huwaona wageni wenye silaha mapema na kutoa habari. Habari hiyo haina faida kama simu haipokelewi, au kama kikosi kinafika asubuhi kuhesabu maiti.

Kuna kazi nyingine isiyohitaji mizinga. Jamil Mukulu, mwanzilishi wa ADF, alikamatwa Tanzania mwaka 2015 na kurudishwa Uganda. Kukamatwa kwake hakukumaliza kundi, kwani Musa Baluku alishika uongozi na mauaji yakaendelea. Lakini kulionyesha kwamba inchi jirani zikipeana habari, kiongozi wa waasi hana pa kujificha. Njia za pesa, za silaha na za vijana wanaodanganywa kwa ahadi ya kazi zinapita katika inchi nyingi za eneo hili. Polisi, mahakama na maofisa wa mipaka wa inchi hizo wanapaswa kuzifunga pamoja.

Kila mara majeshi yanatangaza hesabu ya kambi zilizoharibiwa na waasi waliouawa. Kinshasa na Kampala zinapaswa kutangaza pia hesabu nyingine: vijiji vingapi vimerudiwa na wakaaji wake, shule ngapi zimefunguliwa, na wakulima wangapi wa kakao wamevuna bila kusindikizwa na askari. Mama wa Oicha ataamini ushindi siku atakapokwenda shambani asubuhi na kurudi jioni na watoto wake wote.